Vibovu vya Dieudonne

Emelyne hakulia siku ya mazishi ya kaka yake, na watu wa Mwamkulu hawakumsamehe. Walimtazama usoni kama mtu anayeitazama sufuria iliyochelewa kuchemka, wakangoja, wakachoka, wakaanza kunong'onezana. Shangazi yake mmoja aliyetoka Mishamo, ambaye hulia hata kwenye misiba ya watu asiowajua, alisema waziwazi kwamba wasomi wa siku hizi wana mioyo ya plastiki. Emelyne alimsikia. Wakati huo alikuwa anapanga viti vya wageni, akaendelea kupanga viti.

Kaka yake, Dieudonne, aligongana na lori la mbao kwenye mteremko wa kutoka Mwese. Pikipiki ilikunjika, simu ikasagika, na yeye akafikishwa hospitali akiwa ameshakata roho. Aliwaacha mama yao, Marta, na huyu Emelyne, na duka la steshenari mtaa wa Makanyagio, Mpanda mjini. Mke hakuwa naye bado. Mchumba alikuwa anatafutwa, au alisema anatafutwa ili mama anyamaze.

Si kwamba Emelyne hakumpenda. Alimpenda kuliko mtu yeyote, labda ukimtoa mama, na hata huyo mama wangeshindana. Lakini tangu simu ya habari ile ilipopigwa, ndani yake kulikuwa na ganzi kama ya shavu lililochomwa sindano kwa daktari wa meno. Shavu unaliona kwenye kioo, unajua ni lako, ukiligusa halikujibu. Alikula alipoambiwa ale. Watu walipompa pole alisema ahsante, kama mtu aliyerudishiwa chenji. Jambo moja tu alilitaka, na hakumwambia mtu: alitaka kuisikia sauti ya Dieudonne. Aliamini kwamba akiisikia, hata nusu dakika, ganzi itaachia naye atalia kama wanadamu wengine. Ila sauti yenyewe haikuwepo. Simu ya marehemu ilikuwa vipande, na simu yake mwenyewe, yenye ujumbe wote wa kaka yake, ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwezi wa pili. Pa kutafuta palibaki mahali pamoja tu, napo ni kwenye kompyuta ya dukani.

Kompyuta hiyo ilikaa chini ya kaunta, kuukuu, yenye kuunguruma kama paka aliyeshiba. Dieudonne aliianzishia kazi ambayo hakutumwa na mtu. Wateja wake wengi ni watoto na wajukuu wa wale waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, wakavuka na watoto mgongoni bila karatasi hata moja. Leo ni Watanzania wenye vyeti vya uraia, na hakuna anayeithamini karatasi kama mtu aliyewahi kuishi bila karatasi. Lakini vyeti hivyo vinalala kwenye nyumba za nyasi. Moto haubagui, na mchwa hawajui uraia ni nini. Basi Dieudonne akawaambia: leteni niviskani, nyumba ikiungua nakala ipo. Akaweka kwenye kompyuta ile programu ya kutunza mafaili, inayofunguka kwenye simu kama tovuti nyingine yoyote, ili mtu wa Mwese asipoteze siku nzima juu ya bodaboda kufuata nakala ya cheti cha ubatizo. Ndani ya miaka minne familia mia tatu na arobaini zilikuwa humo.

Tatizo lilikuwa nenosiri. Kila familia aliiambia ichague namba nne ambazo haiwezi kuzisahau. Kila familia ikainama, ikafikiri, ikachagua 1972. Nyumba mia tatu na kitu, kila moja ikimnong'oneza sikioni namba ileile kana kwamba ni siri yake peke yake. Aliyechagua tofauti ni mzee Kashinje tu, mfugaji wa Kisukuma, na hata yeye aliisahau ya kwake ndani ya wiki mbili, akaomba apewe hiyo ya wenzake. Dieudonne alicheka na hakumlazimisha mtu kubadili.

Tena kulikuwa na tabia yake ya vibovu. Bibi yao, Candide, alizika watoto watano kabla Marta hajasimama dede, na tangu hapo hakusifu tena kitu anachokipenda. Mtoto mzuri alimwita kibaya hiki, nani atakitaka. Ng'ombe mwenye maziwa alimwita kilema. Kifo kina masikio, alisema, usikitajie vitu vyako. Dieudonne aliurithi mchezo huo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Kopo la sukari dukani aliliandika DAWA YA PANYA. Printa mpya aliibandika karatasi ya MBOVU, na shati lake la Krismasi alilitunza kwenye mfuko ulioandikwa MATAMBARA. Kitu pekee alichokisifu mbele za watu ni pikipiki yake. Baada ya mazishi, wale wanaopenda kuunganisha mambo waliunganisha.

Wiki ya tano tangu mazishi, Leonidas, mwenyekiti wa kamati ya familia hizo, alikuja dukani pamoja na mzee Nestori wa Mwese. Emelyne alikuwa ameshahamia chumba cha nyuma ya duka. Alisomea kompyuta chuoni miaka miwili, kwa hiyo ilionekana kazi ya marehemu ni yake bila mtu kumwuliza.

"Kaa, binti," Leonidas alisema, ingawa waliokuwa wamesimama ni wao. "Mwambie, mzee."

"Hati yangu ya shamba," alisema Nestori. "Nakala yake nimeikuta kwa mtu. Analima mpakani kwangu, anaitoa mfukoni kama ya kwake. Namwuliza umeipata wapi, ananichekea."

"Atakuwa alijua paswedi yako," Emelyne alisema.

"Paswedi yangu anaijua nani zaidi yangu? Hata mke wangu sijamwambia."

"Si sabini na mbili, mzee?"

Nestori alimtazama kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. "Nani amekwambia?"

Leonidas alikohoa. "Marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema. Lakini mlango wake ulikuwa wazi, binti, na watu wanaongea. Jumamosi tunaganduka pale kwenu, wote watakuwepo. Ama siku hiyo nisimame niwaambie karatasi zenu ziko salama, ama niwaambie nyie, kila mtu aje achukue za kwake, tufunge. Unaweza kutengeneza?"

"Naweza."

"Una nguvu? Maana na wewe umefiwa."

"Naweza," alisema tena, kwa sauti ileile.

Kuganduka ndiko kuvua msiba. Kabla ya siku hiyo nyumba iliyofiwa haifanyi harusi wala haipigi ngoma. Siku yenyewe ndugu na majirani hukusanyika, hula na kunywa, humtaja marehemu kwa mara ya mwisho kwa sauti kubwa, kisha huwaachia wafiwa warudi kwenye maisha yao. Shangazi wa Mishamo alikuwa ameshatangaza kwamba asiyelia mpaka kuganduka halii tena. Emelyne alilifikiria neno hilo kama mtu anayesoma tangazo la shule ambayo hana mtoto ndani yake.

Jumatatu alianza kazi. Alinunua diski mpya, akaichomeka, akaweka mfumo upya na programu ya mafaili toleo la karibuni, na mwongozo akaufungua kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya gundi. Programu hizi huja na jina na nenosiri la kuanzia ambalo dunia nzima inalijua. Alivibadilisha vyote viwili kabla hata hajachomeka waya wa mtandao. Mafaili akayaweka mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuyafikia kwa kuandika anwani tu. Akaweka kufuli ya mtandao, ili kinachopita kati ya simu na kompyuta kisisomwe njiani. Kila familia akaipa chumba chake, isione cha jirani. Akakataza kupandisha kitu chochote kisicho picha au hati. Anayekosea nenosiri mara tano afungiwe saa nzima, na kwenye simu yake yatokee maneno mekundu: Umezuiwa. Wasiliana na msimamizi. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe, akayasoma mara mbili kuhakikisha nukta zimekaa.

Manenosiri mapya yalikuwa na herufi kumi na mbili kila moja, na hakuna hata moja lenye sabini na mbili. Aliyachapa kwenye vikaratasi, akavikata kwa mkasi, akavitia kwenye bahasha mia tatu na arobaini. Mikono ilifanya kazi vizuri sana. Ukitaka kazi ya uangalifu mpe mtu aliyekufa ganzi, kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Jumanne asubuhi alifika kwenye diski ya zamani. Kabla ya kuhamisha chochote aliipekua akitafuta kile alichokitaka yeye. Akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: Dieudonne. Zikaja barua za duka. Akaandika sauti, akaandika kwaya, akaandika wimbo, akaandika hata jina lake mwenyewe, kisha la mama. Kompyuta ikajibu kila mara kwamba hakuna kilichopatikana. Emelyne alikaa kidogo mikono ikiwa juu ya mapaja. Ndiyo hivyo, alijiambia, na akaendelea.

Alihamisha folda za familia moja baada ya nyingine, akihakiki kila moja imefika nzima. Mwisho ikabaki folda moja isiyo na familia. Iliitwa vibovu. Ndani yake kulikuwa na mafaili matatu, kibovu1, kibovu2 na kibovu3, yasiyo na kiambishi cha mwisho cha kueleza kama ni picha au hati au kitu gani. Alipogonga, kompyuta ikamwuliza ayafungue kwa programu ipi. Akafungua kumbukumbu za walioingia, na hapo akakunja uso. Simu moja isiyojulikana, ikitumia nenosiri la 1972, ilikuwa inaingia kwenye folda ile kila siku jioni kuelekea saa kumi na mbili, tangu siku chache baada ya mazishi. Ilifungua mafaili yale matatu na kuondoka. Jumapili ilifungua mara mbili.

Mwongozo ulikuwa wazi: faili usilolijua, linalofunguliwa na mtu usiyemjua, usilifungue, usilihamishe. Inaweza kuwa programu ya mwizi inayomngoja mwenyewe. Emelyne alimkumbuka Nestori na hati yake. Hakuihamisha folda ile. Na kwa kuwa diski ilikuwa imebeba karatasi za watu, haikutosha kuifuta tu, maana kilichofutwa hufufuliwa. Akaiamuru kompyuta iijaze sifuri diski nzima, mwanzo hadi mwisho, pasibaki kitu.

Hapo ndipo alipokosea. Kila hatua iliyotangulia aliifanya sawasawa, na hata hii aliifanya sawasawa. Kazi ya kujaza sifuri ilichukua saa nne, na wakati inaendelea alijitengenezea chai. Alinyoosha mkono kwenye rafu juu ya kichwa chake, akateremsha kopo lililoandikwa DAWA YA PANYA, akachota vijiko viwili vya sukari, akakoroga. Akanywa chai yake akitazama asilimia zikipanda.

Jumanne jioni simu ile isiyojulikana ilijaribu kuingia. Ilikosea mara tano, ikafungiwa. Baada ya saa moja ikarudi, ikakosea mara tano tena. Emelyne aliiona ikigonga na karibu ajisikie kitu, kitu cha kushinda. Akaifungia moja kwa moja.

Alhamisi mama yake alikuja na bodaboda kutoka Mwamkulu, na mfuko wa mihogo. Marta hakuwa mtu wa kuja mjini ovyo. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akamngoja mwanafunzi mmoja amalize kufanyiwa fotokopi aondoke, kisha akafungua fundo la leso na kutoa simu yake ya kupangusa, ile aliyonunuliwa na Dieudonne.

"Nitazamie hii," alisema. "Tangu Jumanne haisemi."

"Haisemi nini, mama?"

Marta aligeuka kwanza kutazama mlangoni. "Usimwambie shangazi yako. Dieudonne aliniwekea masomo humu, ya kunifundisha kutumia simu. Anaongea mwenyewe. Basi jioni nikishafungia kuku, nagonga hapa, naweka zile namba zetu, namsikiliza. Sasa inaniandikia maneno mekundu, nami kusoma kwangu unakujua."

Emelyne aliipokea simu. Umezuiwa. Wasiliana na msimamizi. Nukta zilikuwa zimekaa vizuri.

"Aliyaweka wapi?" aliuliza, na alikuwa ameshajua.

"Kwenye vibovu. Alisema, mama nimekuweka kwenye vibovu, hapo hakuna wa kukuiba." Marta alitabasamu kidogo. "Si unamjua na mambo yake ya bibi."

Emelyne alitazama juu kwenye rafu. Kopo lilikuwa pale pale. Aliyaelewa yote kwa mara moja, kila kitu mahali pake, na ndani yake hapakusogea kitu. Hilo ndilo lililomwogopesha. Mtu mwenye moyo angepiga kelele.

"Ni mtandao, mama," alisema. "Nitakutengenezea."

"Hata Jumamosi, kabla watu hawajaondoka. Nilikuwa nawaficha kwa aibu. Wangesema Marta anaongea na maiti. Lakini siku ya kuganduka naona wataniruhusu. Mumsikie wote." Alimshika binti yake shavu. "Na wewe umsikie. Najua huna raha."

Mama alipoondoka, Emelyne alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Dieudonne hakuwahi kulifanya hata siku ya uchaguzi. Aliitoa diski ya zamani, akaiwekea programu ya kufufua vilivyofutwa, akaiacha isome usiku kucha na Ijumaa nzima. Ilisoma kila sehemu na kuleta sifuri. Aliandika kwenye kundi la mafundi kompyuta alilojiunga nalo wakati wa chuo, akaeleza alichokifanya. Kijana mmoja wa Dar akamjibu: "Dada, ukishajaza sifuri ndo basi tena. Ndo maana ya kujaza sifuri. Hata mimi kaka yako sikusaidii." Hakujua ameandika nini, na Emelyne hakumlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga mwenyewe, kwa mpangilio, akifuata mwongozo.

Jumamosi uwanja wa kwao ulijaa. Watu walitoka Mwese, wengine Mishamo, mzee Kashinje akaja na mke wake Minza na galoni la maziwa. Wali ulipikwa kwa masufuria ya kanisa, na pombe ya ndizi ilikuwa kwenye ndoo chini ya turubai. Katekista alisali sala fupi, jambo lililowashangaza wengi. Kisha Leonidas akasimama.

Alisema karatasi za watu zimepata mlango mpya na kufuli mpya. Akamwita Emelyne aeleze. Emelyne alieleza kwa maneno machache: bahasha hii ni ya nyumba yako, usimwonyeshe mtu, na tafadhalini jamani, msirudishe sabini na mbili. Watu wakacheka, wakatazamana, kwa sababu siku hiyo ndipo kila mmoja alipojua kwamba jirani naye alikuwa na siri ileile. Nestori alipokea bahasha yake kwa mikono miwili na kuitia ndani ya shati, akafunga kifungo. Wakapiga makofi. Shangazi wa Mishamo naye alipiga, ingawa kwa vidole tu.

Marta akainuka. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akatoa simu kwenye fundo la leso, akamnyooshea binti yake mbele ya watu wote.

"Sasa na mimi nina neno," alisema. "Mwanangu aliacha sauti yake humu. Emelyne ameniahidi. Tuwekee, mama, tumsikie."

Emelyne aliishika simu. Alikuwa na siku mbili za kutafuta maneno na hakuyapata, basi akasema yaliyokuwepo.

"Haipo, mama. Nimeifuta."

"Umefanya nini?" Shangazi alidakia.

"Nilikuwa nasafisha kompyuta. Niliona folda ya vibovu, na mtu anaingia humo kila jioni. Nikadhani ni mwizi. Nikaifuta, nikamfungia asiingie tena. Kumbe mwizi ni mama. Nimetafuta siku mbili kuirudisha. Hairudi. Nilisema ni mtandao, nilidanganya. Si mtandao, ni mimi."

Mtu mmoja aliweka chini kikombe chake taratibu. Marta alisimama akimtazama binti yake, midomo ikiwa imebana, na Emelyne akangoja apigwe au alaaniwe, na lolote kati ya hayo lingemfaa.

"Yote?" Marta aliuliza.

"Yote, mama."

"Na lile la kuku?"

"Matatu yote."

Marta akarudi kuketi. Alijifunga kitenge vizuri, akakaza fundo, akaweka mikono magotini kama anavyokaa kwenye kwaya kabla ya kuanza wimbo.

"Siku thelathini na kitu nimemsikiliza," alisema. "Kwaya yetu haijawahi kufanya mazoezi ya wimbo siku zote hizo. La kwanza linaanza hivi."

Akafumba macho. Na alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya Marta, ya mwanamke wa miaka sitini, lakini mwendo haukuwa wake. Yalikuwa maneno yanayokimbia mwanzoni na kuchelewa mwishoni, na kila mtu uwanjani alimjua mwenye mwendo huo.

"Mama, haya ni masomo ya simu. Usiiogope, haiumi. Unaona alama ya njano kama bahasha? Igonge kwa kidole. Kwa kidole, mama, si kwa ukucha. Umegonga kwa ukucha." Marta akakohoa mara mbili, kikohozi cha mvulana aliyekunywa maji baridi. "Rudia. Haya, sasa imefunguka. Unaona? Wewe ni profesa kabisa, tena kibaya hiki, nani atakutaka."

Watu walicheka, na kicheko kikawakatikia njiani. Mzee Kashinje alivua kofia. Emelyne alibaki amesimama na simu mkononi. Aliikumbuka siku hiyo sasa. Ilikuwa Julai, mama na Dieudonne wakiwa sebuleni na ile simu mpya, na yeye akiwa nje anafua.

Marta aliendelea bila kufungua macho. "Sasa la pili, weka zile namba. Unazijua. Hizo hizo, za kila mtu." Akageuza kichwa upande wa mlango kama mtu aliyeona kitu. "Emelyne, hebu njoo funga mlango huu, kuku wameingia tena. Emelyne!"

Akangoja kidogo, kadiri kanda ilivyokuwa ikingoja.

"Huyu naye ukimwita haitiki. Emelyne!"

Akangoja tena. Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Marta alifumbua macho na kumtazama pia, na sasa aliongea kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, bila hasira.

"Hapa unaitika wewe. Anakuita tena, halafu unaitika. Mimi hiyo ya kwako siwezi kuisema." Akafumba macho tena. "Emelyne!"

"Abee," alisema Emelyne.

Ilitoka ndogo, ya binti mwenye povu mikononi, na iliyoifuata haikuwa neno. Alikaa chini kwenye vumbi, na kilio kikamtoka kwa sauti kubwa, kibaya, chenye kamasi, na hakukizuia. Iliuma kila mahali. Shangazi wa Mishamo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, akamshika mabega.

Marta alingoja mpaka binti yake alipoweza kupumua. Kisha akaendelea na somo la pili, kwa sababu lilikuwa halijaisha.